Njiti Kumi na Moja

Kwenye kopo zilibaki njiti kumi na moja. Niliziona. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili asije mtu akanihurumia kwa kudhani sikujua.

Nilikuwa mlangoni mwa chumba cha kuoshea vyombo, aproni nimeikunja kwapani, simu sikioni, na mkwe wangu anapiga kelele upande wa pili: "Mama, chupa imepasuka! Tuko njiani, tuko njiani!" Jicho langu likatua kwenye lile kopo la maziwa ya unga lililo juu ya rafu. Kumi na moja. Nikajisemea, leo zitatosha, kesho nitachonga nyingine. Kisha nikatoka mbio, mtu mzima na magoti yangu mabovu, nikakimbia kama msichana, kwa sababu kitindamimba wangu alikuwa anakwenda kujifungua mtoto wake wa kwanza.

Kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara ya hospitali. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Shule niliishia darasa la nne, na majina marefu ya mle ndani hadi leo yananipita pembeni, lakini nimekaa pale muda wa kutosha kujua kila chombo kimetoka kufanya kazi gani. Napokea visahani, chupa na vioo vya darubini, navitia kwenye pipa la mvuke ili uhai wote uliomo ufe, halafu ndipo nasugua. Wananiita Bi Visahani. Kwa mwaka mzima sivunji zaidi ya vitatu.

Njiti nazo zilikuwa zangu. Zamani zilikuja kwenye maboksi, laini, zimenyooka. Mwaka mmoja zikakawia. Nyuma ya maabara palikuwa na mianzi waliyoiacha wapaka rangi waliposhusha jukwaa lao, inaoza tu pale ukutani. Nikachukua mmoja, nikaupasua kwa kisu cha jikoni, nikachonga njiti mia moja, urefu wa kidole cha kati, ncha butu. Nikazichemsha, nikazianika, nikazitia kwenye tanuri pamoja na chupa. Mkuu wetu wa maabara, mama mwenye sauti nzito asiyetoa sifa ovyo, akaishika moja, akaigeuza-geuza, akasema, "Bibi, hizi zinapita za dukani." Siku hiyo nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, sikushikika.

Tangu hapo hakuna aliyeagiza njiti tena. Kwenye fomu ya mahitaji wanaandika glavu, spiriti, pamba, rangi. Njiti haimo. Njiti ni Bibi.

Nieleze kazi yake, maana bila hivyo haya mengine hayataeleweka.

Mgonjwa mwenye homa anatolewa damu, inatiwa kwenye chupa yenye supu, chupa inaatamiwa kwenye joto kama yai. Kikiota kitu, kinapakwa kwenye kisahani chenye chakula chekundu kilichochanganywa na damu ya kondoo. Kesho yake unakuta madoa, kama mtu amenyunyiza chumvi. Wanachukua doa moja wanalipaka rangi. Vile vijidudu vinavyoishika rangi ya zambarau na kukataa kuiachia hata vikioshwa kwa spiriti, wao wanaviita Gram chanya. Mimi naviita vya zambarau. Katika vya zambarau vilivyo mviringo kuna koo mbili kubwa: wa mkufu, wanaojipanga kama shanga kwenye uzi, na wa kichala, wanaosongamana kama zabibu. Siku nyingine darubini inakuonyesha wazi. Siku nyingine mkufu umekatika-katika, kichala kimetawanyika, na hakuna anayeweza kuapa.

Hapo ndipo wanaita povu. Unaweka kwenye kioo tone la ile dawa ya kusafishia vidonda. Unachota doa kwa ncha ya njiti, unaligusisha kwenye tone. Likitoa povu, ni wa kichala. Likikaa kimya, ni wa mkufu. Basi. Hata asiyejua kusoma anaona.

Wa kichala bado wana kipimo cha pili. Wanachanganywa na yale maji ya damu ya rangi ya njano. Yakiganda kama maziwa yaliyochacha, hao ni wabaya, daktari anapigiwa simu saa hiyo hiyo. Yasipoganda, ni wale wa ngozi tu, wanaokaa juu ya ngozi ya kila mtu, wameingia kwenye chupa na sindano wakati wa kutoa damu. Wanaandika "uchafu wa sindano," na kisahani kinaletwa kwangu.

Na kwa nini njiti, wakati wana waya wa kitanzi wanaouchoma motoni kutwa nzima? Mwaka wangu wa pili nilimwuliza mzee aliyekuwa mkuu enzi zile. Hakunijibu kwa mdomo. Alichukua waya mtupu, usio na kijidudu hata kimoja, akauchovya kwenye tone. Povu likafura. "Umeona?" akasema. "Waya unatoa povu wenyewe. Mti haunisemei, unanyamaza, unaniachia nisikie." Nikalishika hilo, ingawa halikuwa langu kulishika.

Sasa nirudi kwa mwanangu.

Alijifungua Jumatatu mchana. Mkunga alinifukuza mara tatu. "Bibi, toka nje! Anayezaa ni wewe au yeye?" Mara ya nne akanichoka, akaniachia nisimame kichwani pa kitanda. Mtoto akatoka, wa kike, amekunja ngumi. Nikampokea kwenye khanga nikamwambia, "Karibu, mke mwenzangu. Umechelewa, mume tumeshamzika." Mwanangu akacheka mpaka mkunga akamwambia atulie ashonwe. Hicho ndicho kicheko chake ninachokikumbuka vizuri, kwa sababu baada yake hakucheka tena hivyo.

Jumanne adhuhuri akaanza kutetemeka. Nilimgusa shingo, mkono wangu ukaruka wenyewe. Daktari wa wodi ya wazazi, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, akaagiza damu itolewe ipelekwe maabara, na hapo hapo akaanza kumchoma sindano, asingoje majibu. Alifanya sawasawa. Sina neno na yule.

Chupa ilipopita mbele yangu nikasoma namba yake: mia nne kumi na nane. Nikajisikia nafuu, nikasema moyoni, inakwenda kwetu. Inakwenda kwa watu wangu.

Mtu wangu hasa pale maabara ni mtaalamu mmoja tunayemwita Sekunde, kwa sababu ukimwita kwa jambo lolote atakujibu "sekunde moja," na sekunde yake inamaliza nusu saa. Ana miaka saba pale. Hana dharau, hana makuu. Ananisomea barua zangu zenye maneno magumu na ananiita Bibi kama aliyezaliwa na mwanangu. Jumatano asubuhi alikuja wodini akiwa na koti lake jeupe, akamchungulia mtoto.

"Huyu amefanana na Bi Visahani kabisa," akasema. "Masikini."

"Shika adabu mbele ya mkubwa wako," nikamwambia.

Akamsalimia mwanangu, akamwambia, "Dada, chupa yako imeshaota kitu, nimeipaka kwenye kisahani leo. Kesho nakupa majibu. Iko mikononi mwangu, usiwe na wasiwasi." Kisha akanigeukia, akiwa ameshaanza kuondoka. "Rudi upesi, Bibi. Kopo linakulilia."

"Lisilie," nikasema. "Liambie Ijumaa."

Tukacheka. Akaenda zake.

Nimeyarudia maneno hayo mara ambazo siwezi kuzihesabu. Kopo linakulilia. Mtu alisimama mbele ya uso wangu akaniambia njiti zimekwisha. Mwanzi ulikuwa kwenye chumba changu, kisu kwenye droo, na kutoka wodini hadi pale ni mwendo wa kuvuka ua mmoja wenye kamba za kuanikia mashuka. Robo saa ingenitosha. Sikumwuliza hata, basi unatumia nini? Nilikuwa nimemshika mjukuu na sikutaka kumweka chini.

Zile sindano zilikuwa zimeanza kufanya kazi. Jumatano jioni homa ilishuka, Alhamisi asubuhi mwanangu alikula vijiko sita vya uji, nilivihesabu. Saa sita mchana daktari akaja na karatasi, anatabasamu.

"Bi Visahani, majibu kutoka nyumbani kwenu haya hapa. Ni wale wa ngozi tu. Uchafu wa sindano."

"Alhamdulillahi," nikasema, na mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa na msalaba shingoni, akaitikia, "Amina."

Daktari akaeleza kwamba basi homa huenda ni ya maziwa kujaa, matiti yalikuwa magumu kweli, na kwamba hapakuwa na sababu ya kuendelea kumchoma sindano mtu anayenyonyesha. Akamchomoa mpira mkononi. Akasema twende nyumbani, tumkande matiti kwa maji ya moto, tumpe vidonge vya homa, ikipanda turudi.

Mwanangu alikaa kitandani anafunga khanga, polepole, kama mtu anayefunga mzigo wa mwenzake.

"Mama," akaniambia, "tumbo la chini bado linaniuma."

"Ni kizazi hicho kinajirudi. Mimi nimezaa watano."

"Na hao wa ngozi, una hakika si kitu?"

"Hata mimi ninao, hapa na hapa," nikamwonyesha mkono wangu. "Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na tisa naosha visahani vyao. Nina hakika."

Akaniamini. Tangu mdogo alikuwa hivyo, ukimwambia kitu kimekwisha, anakiweka chini.

Tukipita kwenye ua nilimwona Sekunde dirishani, nikampungia mkono wa shukrani. Na yeye akanipungia.

Ijumaa asubuhi nilimwacha amelala, wifi yake amekuja kukaa naye. Alikuwa na joto, lakini si la kutisha, na yeye mwenyewe aliniambia, "Nenda, Mama, utafukuzwa kazi kwa ajili yangu." Nikaenda.

Karai la visahani lilikuwa limefurika, siku nne hakuna aliyegusa. Nikavaa glavu nikaanza kuvipanga kwenye pipa la mvuke, kimoja kimoja. Cha saba au cha nane kilikuwa mia nne kumi na nane.

Ningeweza kukitia ndani bila kukitazama. Nilikitazama kwa sababu ni chake, kama mtu anavyotazama jina la ndugu yake likipita kwenye orodha. Madoa yalikuwa madogo sana, kama ncha za pini, na kila doa limezungukwa na duara lililopauka, unaona mwanga wa dirisha upande wa pili. Damu ilikuwa imerambwa.

Nikakaa juu ya ndoo. Wa ngozi nimewaosha maelfu. Ni weupe, wanene, wamejikalia. Hawarambi damu namna hii. Wapo wa kichala wanaoramba, lakini hao maji ya damu yangeganda. Nikageuka nikatazama kopo kwenye rafu. Tupu, mpaka vumbi la mwanzi chini.

Nikachukua kipande cha mwanzi. Kwa haraka nikajikata kidole gumba, nikafunga kitambaa. Nikachonga tatu. Sikuchemsha, sikuanika. Sijawahi hata siku moja kufanya kipimo kwenye meza yao, mimi huwa nasimama pembeni na ndoo yangu. Asubuhi ile nilivuta chupa ya dawa, nikaweka tone kwenye kioo nilichokuwa nimekiosha mwenyewe, nikachota doa kwa ncha ya njiti, nikaligusisha.

Niliomba povu. Nataka ijulikane hivyo. Sikutaka kumkamata mtu na kosa. Nilisimama pale nikasema, Mungu wangu, povu, hata kidogo, hata kama la mate. Tone lilikaa. Lilikuwa safi kama jicho la mtoto. Nikafanya na ya pili. Nikafanya na ya tatu. Kimya.

"Sekunde!" nikaita.

"Sekunde moja, Bibi, umerudi? Mtoto hajambo?"

"Njoo sasa hivi."

Nadhani ilikuwa sauti yangu, kwa sababu alikuja kweli sasa hivi. Akatazama kisahani, akatazama kioo, akatazama njiti tatu na kitambaa chenye damu kidoleni mwangu.

"Hii ulipima kwa nini?" nikamwuliza.

"Njiti zilikuwa zimekwisha, Bibi. Jana Alhamisi nilikuwa na visahani kumi na vinne. Nikatumia..."

Akauchukua waya wa kitanzi. Akauchoma motoni mpaka ukawa mwekundu, akangoja upoe, akauchovya mtupu kwenye tone jipya. Ukafura povu pale pale, jeupe, zuri.

Alikaa chini sakafuni na koti lake. "Nilifundishwa hili," akasema. "Mwaka wa kwanza. Nililiandika kwenye mtihani. Bibi, miaka saba sijawahi kukuta kopo tupu, mkono umesahau kwamba kuna sababu. Nikaona povu, nikasema kichala. Maji ya damu hayakuganda, nikasema ngozi. Kwenye darubini niliona viwili-viwili, si mkufu wala kichala, nikasema basi."

Nilikuwa tayari nimeshika simu.

Wifi akapokea. "Shikamoo, Mama. Nilikuwa nataka kukupigia. Amepandwa na homa, anazungumza mambo hayaeleweki, ananiita kwa jina la shangazi yake aliyekufa. Tumbo limejaa."

"Mleteni. Usitafute nguo. Mleteni alivyo."

Mkuu wetu alikuwa ameshasimama mlangoni, ameyasikia yote. Alimpigia simu daktari mwenyewe, kwa ile sauti yake nzito, maneno machache: "Mia nne kumi na nane. Tumekosea. Ni wa mkufu. Mtayarishieni kitanda." 

Mkwe wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alimleta nyuma ya gari la kubebea mageti, amemlaza kwenye godoro, amemshika kichwa. Walimchoma sindano zile zile walizozikatisha jana yake, na nyingine juu yake, na dripu mikono yote miwili. Daktari hakukaa chini siku nzima. Mwanangu alinitambua mara moja, saa kumi hivi. Akaniambia, "Mama, mtoto amelia?" Nikamwambia amenyonya, amelala. Alikuwa hajanyonya. Alikuwa analishwa kwa kijiko na yule mama mwenye msalaba.

Jumamosi saa tano na nusu asubuhi akakata roho, jua limeingia dirishani mpaka kwenye miguu yake. Mimi ndiye niliyemfumba macho.

Bado tulikuwa pale, hajafunikwa uso, Sekunde alipoingia mbio na kisahani kingine. Jana yake alikuwa amewaotesha upya, akaweka katikati vile vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, wanavyotumia kujua dawa gani inaua. Kukizunguka kimoja palikuwa na duara safi, pana kama sarafu kubwa, hakuna hata doa lililothubutu kusogea. Alikuwa amekimbia kuja kumwonyesha daktari. Daktari akakitazama, akamwonyesha kitanda kwa macho tu.

Nilikichukua mkononi mwake. "Hii ni dawa gani?" nikauliza.

Akanyoosha mkono nimrudishie kisahani.

"Niambie, mjukuu wangu."

"Ni ile ya kawaida, Bibi. Ile iliyojaa kabatini. Ndiyo aliyokuwa anachomwa."

Maabara ilikaa kikao. Mkuu aliandika taarifa ndefu akanisomea yote, neno kwa neno, na hakulificha kosa wala hakumtupia Sekunde peke yake. Kwenye fomu ya mahitaji sasa lipo neno njiti, mstari wa tisa. Maboksi yamekuja, mawili, njiti laini za kiwandani, hazina kasoro. Nilizipanga mwenyewe kwenye rafu.

Sekunde alikuja msibani siku zote tatu. Alikaa nje na wanaume, hakula, hakuzungumza. Siku ya tatu mkwe wangu akaniita jikoni. Alikuwa ameshasikia ni nani aliyekosea kipimo.

"Mama, ni yule pale? Yule mrefu?"

"Ndiye."

"Na ana uso wa kukaa kwenye mkeka wangu?"

Ningeweza kunyamaza. Angetoka, wangeshikana, watu wangewaamua, na mimi ningebaki mama wa marehemu, naletewa chai. Lakini nilimtazama mtoto begani mwake, ngumi zake zile zile, nikaona nitakuwa namdanganya na huyu. Nikamwambia. Nilimwambia kumi na moja, na robo saa ya kuchonga nyingine. Nilimwambia kopo linakulilia, na nilivyocheka. Nilimwambia kwamba mkewe aliniuliza kama nina hakika, na nikamjibu nini.

Hakupiga kelele. Ni mtu wa vyuma, nilitegemea kelele. Alimpapasa mtoto mgongo, kisha akauliza, "Robo saa, Mama?"

"Robo saa."

Sekunde aliondoka kwenye mkeka bila kuguswa na mtu. Baada ya arobaini mkwe wangu akamchukua mtoto akampeleka kwa dada yake, mji mwingine. Aliniaga kwa heshima, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Nipe muda, Mama," akasema. "Nikikuona namwona yeye amekaa kitandani anafunga khanga." Nikamwambia sawa, baba. Nikamfungia mtoto vitambaa vyake, na kile kijiko alicholishiwa wodini.

Ni miezi saba sasa. Yule wifi yake marehemu ananitumia picha kwenye simu, mtoto amekaa, mtoto ana meno mawili. Kwangu hajaletwa. Sijauliza lini. Nimezoea kungoja. Mwaka uleule nilioajiriwa nilifiwa na mume nikangoja uchungu upungue, na ulipungua. Huu naungoja pia, lakini siuoni ukisogea.

Sekunde bado yupo. Haitiki tena sekunde moja. Ukimwita anakuja hapo hapo, upesi mno, uso umemshuka, mpaka watu wameacha kumwita. Tunasalimiana. Yeye ananiambia shikamoo, mimi namwambia marahaba, kila mmoja anashika kazi yake.

Mianzi ilibaki miwili nyuma ya ukuta. Nikitoka kazini naikata vipande, naibeba nyumbani, naketi mlangoni, nachonga. Urefu wa kidole cha kati, ncha butu. Nimejaza kopo la maziwa, nimejaza sufuria ya mwanangu, nimejaza debe. Majirani walidhani nimepata biashara. Juzi mmoja akasimama, akaokota moja akaichokonolea meno, akaniuliza, "Bibi, zote hizi ni za nini?"

Nikamwambia, "Za Alhamisi."

Akangoja niendelee. Alipoona siendelei, akairudisha kwenye debe taratibu, akaenda zake, nami nikachukua nyingine.